Barua Kumi na Saba Zenye Salamu Moja

Nyinyi vijana mnaosimamia majukwaa ya mtandaoni mmeniuliza swali moja mara nyingi, na hata kustaafu hakujaniokoa nalo: mtu akileta wazo ambalo mwingine ameshalileta, unafanyaje? Unalifuta? Unaliunganisha na la kwanza? Na yule aliyechelewa unamjibu nini? Mnaniuliza kama watu waliokwenda kwa daktari, nami hujikuta nakohoa kwanza. Maana huyu mnayemuuliza aliwahi kutupa mawazo kumi na saba katika mwezi mmoja, akayaita nakala, akafunga mlango, akaenda nyumbani akalala vizuri. Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu. Baadaye nilipojua nilichofanya, usingizi ulinihama mpaka daraja la mtaa wa Lucky Summer lilipopata mbao. Hilo ndilo ninalotaka kuwaeleza, na mengine njiani.

Ilikuwa miaka ya tisini ikielekea kwisha. Tulikuwa na chumba kimoja ghorofani huko Kayole, kompyuta moja, modemu iliyolia kama paka aliyekanyagwa mkia, na laini ya simu tuliyogawana na Mama Kanini, fundi cherehani wa chini yetu. Akiinua simu kumuuliza mteja urefu wa mkono, barua pepe zangu zilikatika katikati. Basi nilijifunza kugonga sakafu mara mbili kwa kiatu kabla ya kuunganisha, naye akagonga dari kwa mpini wa ufagio kuonyesha kwamba amekubali. Huo ndio uliokuwa mtandao wetu.

Tuliuita Baraza. Wakazi wa mitaa ya Eastlands walitutumia kwa barua pepe mawazo ya kuboresha mitaa yao, mimi nikayapokea, nikayapanga, na kuyasambaza kwa wanachama wayajadili. Kila wiki ya mwisho ya mwezi kamati ilikaa na orodha yangu na kuchagua wazo moja, lile ambalo wanachama wenyewe wangeweza kulifanya kwa mikono yao. Orodha ilitakiwa iwe fupi, na wazo moja lisionekane mara mbili. Hapo ndipo mshahara wangu ulipotoka.

Hakuna aliyenifundisha kompyuta. Nilijifunza kutoka kwa kitabu kisicho na jalada, kilichokosa sura ya nne, na mpaka leo kitu kikinishinda hujiambia kwamba bila shaka kilikuwa kwenye sura ya nne. Mtu aliyejifundisha mwenyewe huwa na woga wa aina yake, kwa sababu hajui ni nini asichokijua. Kwa hiyo nilikagua kila kitu mara tatu. Nilirudi kutoka barabarani kuhakikisha kwamba nimefunga dirisha. Orodha ikipata doa la wino niliichapa upya yote. Na wazo likijirudia mle ndani nilihisi mwasho, kama mtu aliyevaa shati lenye kifungo kwenye tundu lisilo lake.

Mwenyekiti wetu alikuwa Mzee Barasa, aliyestaafu kutoka posta baada ya kuchambua barua maisha yake yote. Hakuamini kitu ambacho hawezi kukikunja, na kwa ajili yake nilichapa kila barua pepe iliyoingia. Yeye ndiye aliyenipa somo la kwanza kuhusu mawazo yanayojirudia, na somo lenyewe lilikuwa zuri. Kosa nililifanya mimi baadaye.

Mwezi wangu wa kwanza tulipata barua saba kuhusu Spine Road. Mmoja alitaka matuta. Mwingine alitaka askari wa kuongoza magari. Wa tatu alitaka wazazi wapokezane zamu za kuvusha watoto, na wa mwisho alitaka tufunge na kuomba kwa ajili ya madereva. Niliziorodhesha kama mawazo saba, kwa mwandiko mzuri sana. Mzee Barasa alizisoma zote, akatoa mpira wa kufungia noti mfukoni, akazifunga pamoja.

"Hawa wanalilia kitu kimoja, binti. Watoto wavuke salama. Waweke pamoja, lakini usimtoe mtu. Huyu wa juu yuko juu kwa sababu alifika kwanza tu."

"Na hawa sita niwaambie nini?"

"Waambie mko saba."

Andikeni hilo mahali mtakapoliona kila siku. Aliyerudia wazo la mwenzake msimwambie kwamba amechelewa. Mwambieni wako wangapi. Nilipoanza kuwajibu watu hivyo, waliandika tena wakifurahi, wakiulizana wanaishi wapi, na wawili kati ya wale saba wakagundua kwamba wanapanga nyumba katika ploti moja.

Sasa kosa. Kwa sababu ya ile laini ya simu, barua nyingi zilikatika zikiwa njiani, na mtumaji asiyekuwa na hakika alituma tena, na tena. Barua moja ingeweza kuingia mara tano. Nakala za namna hiyo ni nakala kwelikweli, na nikajitungia kanuni ya kuzikamata haraka: mtumaji mmoja, kichwa kimoja, mistari miwili ya kwanza ikifanana neno kwa neno, basi ni laini imekatika. Weka ya kwanza, tupa nyingine. Niliiandika kanuni hiyo kwenye kadi nikaibandika juu ya kompyuta. Nawaambia ukweli, niliipenda ile kadi. Kila nilipofuta nakala nilijisikia kama nimefagia uwanja. Na kila Ijumaa nilimwaga pipa la taka la kompyuta ili lisiwe na kitu, na zile karatasi zilizochapwa nikazipiga mhuri wa NAKALA, nikazitia katika katoni chini ya meza.

Mwezi wa Februari ziliingia barua kumi na nane kutoka anwani moja. Kichwa cha zote kilikuwa "Wazo la Maendeleo". Nilisoma mistari miwili ya kwanza ya kila moja. Zilifanana kama pacha. Nikamwonea huruma mtumaji kwa shida aliyoipata na simu, nikaweka ya kwanza, nikatupa kumi na saba.

Ile ya kwanza ilikuwa ya mwanamke wa Lucky Summer aliyeomba daraja. Kati ya nyumba zao na viwanda vya Baba Dogo kuna kijito, na juu yake kulibaki vyuma viwili vya daraja la zamani la miguu. Mbao zake zilikuwa zimeng'olewa moja moja zikaishia mekoni. Kamati ililipenda wazo hilo, ikauliza mbao zitatoka wapi, na hakuna aliyejua. Nikamwandikia jibu: kwa kukosa mbao, wazo lako limefungwa.

Siku ya mwisho ya mwezi, asubuhi, nikasikia mtu akipanda ngazi huku akizilaumu.

"Hodi! Hapa ndiyo Baraza ya kompyuta?"

"Karibu, mama."

"Nimeshakaribia. Hizi ngazi zenu ni adhabu. Mwende ndiye nani?"

"Ni mimi."

"Woi! Na vile barua yako ina ukali, nilidhani ni mtu mzima." Akavuta kiti mwenyewe. "Mimi ni Mama Nafula, wa daraja. Ati wazo langu limefungwa. Limefungwa kama duka, ama limefungwa kama mtu?"

Nilimweleza. Nilieleza vizuri, nina hakika, kwa sababu nilikuwa nimefanya mazoezi ya kueleza mambo kama hayo mbele ya kioo. Kamati imelipenda sana wazo lako, mama, isipokuwa mbao.

Akanisikiliza mpaka mwisho. "Mvua kubwa ya mwaka jana nilimvusha Nafula mgongoni, maji yakinifika kiunoni. Kiatu kilienda. Nikafika kiwandani nimechelewa, nyapara ameshachukua mtu mwingine wa siku hiyo. Akaniambia, Mama Nafula, ukikosa tena mara mbili, usije. Sasa mvua ndiyo hiyo inakuja. Nikimwambia nyapara kwamba kamati imelipenda sana wazo langu, atanifungulia geti?"

Nikaanza kupangapanga karatasi zilizokuwa zimepangwa tayari. Akaniona, akalegeza sauti.

"Labda ni Mutua hakuliandika vizuri."

"Mutua ni nani?"

"Yule wa kupiga chapa pale soko la Gikomba, mwenye kompyuta. Kwani sisi tungetoa kompyuta wapi? Nikienda kununua mitumba ya watoto napita kwake, namwambia yaliyo moyoni, yeye anaandika, anatuma. Na salamu anakuwekea, tena nzuri." Akafumba macho, akaikariri: "Kwenu wapendwa wa Baraza, ni matumaini yangu kwamba nyote mu wazima wa afya njema, kama nami nilivyo huku, nikiendelea kumshukuru Mola kwa yote aliyonitendea. Dhumuni la barua hii..."

Mistari ile miwili niliijua kwa moyo. Nilikuwa nimeisoma mara kumi na nane.

"Mama, hiyo salamu ni yako?"

"Yangu wapi! Ni ya Mutua. Ameiweka tayari kwenye mashine, kila anayekuja anapewa hiyo hiyo, halafu chini ndiyo unasema yako. Si barua lazima ianze na salamu? Ama nyinyi huku mnaanza na shida moja kwa moja, kama ajenti wa nyumba?"

Mimi pia nimelelewa kuandika barua hivyo. Mama yangu alinifundisha salamu ya mistari mitatu kabla hajanifundisha kufua soksi. Lakini mbele ya kompyuta nilikuwa nimesahau kwamba walioko upande wa pili ni watu wetu. Nilipiga magoti nikaingia chini ya meza, na katoni haikuwepo. Ndipo nikakumbuka kwamba wiki iliyotangulia Mama Kanini alikuwa ameniomba karatasi, nami nikampa katoni nzima nikijisifu kwa usafi wangu.

Tulishuka ngazi mbio, Mama Nafula akiniuliza nyuma yangu, "Kwani kuna nini? Nani amekufa?"

"Karatasi zako ni nzuri!" Mama Kanini akanipokea. "Ngumu kiasi, zinatulia juu ya kitambaa." Alikuwa amezikata kuwa vipimo vya sare za shule. Kola, mikono, migongo, kila kipande kina mhuri wangu wa NAKALA. Nilikaa sakafuni, nikaanza kulia. Mama Nafula, ambaye sasa alikuwa ameelewa, hakulia.

"Hebu amka. Utalia tukishamaliza kusoma."

Kumi na moja zilikuwa bado nzima chini ya katoni. Sita zilikuwa zimekatwa. Tulizisoma kwa sauti, kuanzia pale salamu ilipoishia. Mtu wa Gikomba alitaka taa kwenye choo cha soko. Mchongaji alikuwa tayari kuwafundisha wasichana kuchonga, Jumamosi, bila malipo. Watatu, kwa kweli, walikuwa wakirudia jambo moja kuhusu takataka. Nyingine zote zilikuwa tofauti. Kisha Mama Kanini akatoa pini kwenye kitambaa cha buluu, akainua mgongo wa shati la mtoto wa darasa la pili, akasoma polepole:

"...nina mbao za saipresi, za futi sita, nilizomkatia mteja ambaye amehama. Alishalipia, sidai kitu, ila zimeniziba njia. Kama Baraza ina kazi ya jamii, mje mzichukue kabla ya mwisho wa mwezi. Baada ya hapo nitawapa akina mama wa githeri wapikie."

Mwezi ulikuwa unaisha siku ile ile. Na mahali palipokuwa na sahihi palikuwa pamekatwa kwa mviringo. Jina la mwenye mbao lilikuwa limeondoka na kwapa.

Wakati huo Mzee Barasa aliingia, gazeti likiwa chini ya mkono. Nilikuwa nimepanga, nawaambia bila aibu, nizipate mbao kwanza ndipo nimweleze, tena nusu nusu. Mama Nafula akanisukuma kwa kiwiko. Nikasema yote. Kadi, mistari miwili, pipa la Ijumaa, katoni. Yeye akachukua ule mgongo wa shati, akaugeuza upande huu na ule.

"Posta tulipanga barua kwa kutazama bahasha, binti. Hatukuruhusiwa kufungua. Wewe umeruhusiwa. Ni nini kilikuzuia?"

Nilingoja aseme nikusanye vitu vyangu. Badala yake akavua koti, akaketi kwenye kibao cha Mama Kanini. "Nendeni Gikomba. Mimi na fundi tutaziunganisha hizi zilizokatwa."

Nimefanya kazi na wakubwa wengi tangu siku ile, na nimewapima wote kwa lile koti lililovuliwa.

Mutua alikuwa kijana mpole aliyejivunia salamu yake, na sikuwa na moyo wa kumwambia ilichonifanyia. Aliingiza disketi, akafungua barua moja baada ya nyingine. Zote kumi na nane zilikuwepo. Yeye, ambaye hakuwa amesikia habari ya kumwaga pipa kila Ijumaa, alikuwa hajawahi kufuta kitu. "Mbao? Huyo ni Fundi Musyoka. Fuata harufu ya gundi mpaka mwisho, utamsikia akigombana na wenye mikokoteni."

Tulimsikia. Alikuwa mtu mfupi mwenye penseli sikioni, na mbele ya kibanda chake zililala mbao, na kando ya mbao walisimama wanawake wawili na shoka.

"Fundi! Ngoja!" Mama Nafula alipaaza sauti kutoka mbali. "Usiwape! Ni za daraja!"

"Daraja gani tena?" Akatutazama kuanzia viatu. "Nyinyi ndio Baraza? Ai! Niliwaandikia, nikangoja. Nikasema labda kule kwenye kompyuta hawajui Kiswahili."

"Ni mimi, fundi," nikasema. "Nilidhani barua yako imejirudia."

"Imejirudia? Mimi niliandika mara moja tu maishani, na ni hiyo."

"Ilianza kama nyingine."

"Sasa nisingekusalimu?" Akageuka kwa wale wanawake wenye shoka kama anayetafuta mashahidi. "Ati nisingemsalimu!"

Walicheka mpaka shoka likawekwa chini. Mbao zilikuwa kumi na tisa, tatu zilikuwa zimeshatolewa. Mama Nafula alikuwa amehesabu mapengo ya daraja mara nyingi akiwa majini. Yalihitaji kumi na nne. Nilipomsikia akisema kumi na nne, niliketi juu ya zile mbao, na fundi akadhani nazilinda. Mbili zilizozidi waliachiwa akina mama wa githeri, kwa amani.

Jumamosi iliyofuata wanachama walijitokeza kijitoni wengi kuliko walivyowahi kujitokeza kwa wazo lolote. Nilikuwa nimewaandikia wote usiku wa kuamkia siku hiyo, nikakiri nilichofanya, nikamwandikia kila mmoja wa wale kumi na saba peke yake, kwa jina, nikijibu wazo lake. Na wale watatu wa takataka niliwaambia: mko watatu. Niliogopa matusi. Nilipata mawili tu, na moja lilianza na salamu.

Fundi Musyoka alikuja na misumari yake. Alipogongelea ubao wa mwisho aliniita nisogee katikati ya daraja, watu wote wakitazama.

"Haya, madam wa kompyuta. Hesabu."

Nikahesabu. "Kumi na nne."

"Zinafanana?"

"Zinafanana, fundi."

"Futi sita, saipresi, rangi moja, mti mmoja. Sasa nionyeshe iliyojirudia nikuondolee."

Kijito kizima kilicheka. Nami nilicheka, kwa mara ya kwanza baada ya siku kadhaa, nikiwa nimeshika chuma kwa mikono miwili.

Mnataka kanuni, najua, kwa hiyo chukueni hizi nilizotumia mpaka nilipostaafu. Someni kila wazo kuanzia chini kwenda juu. Mtu huweka salamu mwanzoni, shida katikati, na kile anachoweza kukitoa yeye mwenyewe mwishoni, karibu na jina lake, kwa sababu ndicho kinachomtia haya. Wazo mnalotaka kulifuta liacheni likae mwezi mzima mahali mnapoweza kulichukua tena. Na mtu mmoja akituma mengi, ulizeni kwanza kama ni mtu mmoja. Leo mna programu zinazolinganisha maneno na kuwaambia haya mawili yanafanana. Zitumieni. Mimi pia nilikuwa na kadi.

Mvua ilianza wiki mbili baadaye. Asubuhi hiyo barabara za Kayole zilikuwa matope matupu. Nilifika nimelowa, nikagonga sakafu, Mama Kanini akagonga dari, modemu ikalia. Iliingia barua moja kutoka Gikomba. Kichwa: Wazo la Maendeleo. Kwenu wapendwa wa Baraza, ni matumaini yangu kwamba nyote mu wazima wa afya njema, kama nami nilivyo huku, nikiendelea kumshukuru Mola kwa yote aliyonitendea. Nikasoma kila neno, bila haraka, mpaka chini. Chini alikuwa ameandika:

"Imenyesha tangu jana. Tumevuka, na viatu viwili. Ni mimi, Mama Nafula."